Daftari la Mwenye Kripto

"Ami, si kodi ya kripto wameiondoa?"

Aliyeniuliza ni kijana wa jirani yetu hapa Kisauni. Alikuja Januari 2026 na simu mbili mkononi, moja ya kusalimiana na watu, nyingine ya kazi. Kazi yenyewe vijana wanaiita P2P: ananunua USDT, ile sarafu ya mtandaoni iliyofungamanishwa na dola, kwa mtu mmoja, anamuuzia mwingine, na pesa zinapitia M-Pesa. Ananunua kwa shilingi 128.20, anauza kwa 129.60. Anabaki na shilingi moja na senti arobaini kwa kila dola, na katika hiyo ndimo zinamotoka ada za kutuma.

Alianza Agosti 2025. Nilimwambia apakue taarifa ya M-Pesa ya miezi mitano, tukaketi barazani na kahawa, tukajumlisha pesa zilizoingia. Zilifika shilingi 4,180,000.

Akanitazama. "Mimi sijawahi kushika milioni nne."

Ni kweli hajawahi. Pesa ni zilezile zilizokuwa zikizunguka, laki na kitu alizoanza nazo, zikitoka na kurudi kama ndoo ya kisimani. Ila taarifa ya M-Pesa haiandiki kwamba ndoo ni moja. Inaandika kila ilipopanda.

Nimeandika makala haya kwa ajili yake na wenzake, kwa kuwa swali lake ninaulizwa kila wiki na jibu lake ni refu kuliko "ndiyo" au "la".

Alichosikia kina ukweli. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta Kenya kodi ya mali ya kidijitali, ile iliyojulikana kama DAT, kuanzia 1 Septemba 2023. Ilikuwa asilimia 3 ya thamani ya sarafu kila ilipouzwa au kubadilishwa. Thamani nzima, haikuangalia faida. Ukinunua Bitcoin ya shilingi 100,000, bei ikaporomoka, ukauza kwa 80,000, umeshapoteza 20,000 na bado unadaiwa 2,400. Mtu aliyezungusha laki moja mara kumi kwa mwezi alidaiwa shilingi 30,000 hata kama faida yake haikufika elfu kumi. Kwa mfanyabiashara wa P2P anayekula shilingi moja kwa mia, asilimia 3 ni mara tatu ya chakula chake. Si ajabu kwamba wengi walijifanya hawajaisikia, na majukwaa mengi ya ng'ambo yaliyotakiwa kuikata hayakuikata.

Sheria ya Fedha ya 2025 iliifuta DAT kuanzia 1 Julai 2025. Mahali pake ukaja ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 juu ya ada anayotoza mtoa huduma za sarafu hizi. Jukwaa likikutoza ada ya shilingi 200, ushuru ni 20, na wa kuupeleka serikalini ni jukwaa. Wewe unauona tu ndani ya gharama, kama unavyouona ule wa muda wa maongezi.

Hapo wengi walisoma kichwa cha habari wakakunja gazeti. Kilichofutwa ni DAT. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, iko kazini tangu 1974, na haiulizi faida yako imetoka kwenye samaki, mitumba au USDT. Ukifanya biashara ukapata faida, faida hiyo ni mapato. Kusema jukwaa liko ng'ambo hakukusaidii: mkaazi wa Kenya anayefanya biashara nusu hapa na nusu nje huhesabiwa faida yote kuwa imepatikana hapa. Kidole kinachobonyeza kikiwa Kisauni, biashara iko Kisauni.

Kwa maoni yangu mabadiliko haya ni nafuu kwa mwananchi, lakini ni nafuu yenye kazi. DAT haikuhitaji hesabu yoyote: thamani mara tatu, gawa kwa mia, basi. Kodi ya faida inataka ujue ulinunua kwa bei gani. Asiyejua hana faida ya kuonyesha, ana pesa zilizoingia tu.

Na deni la nyuma halikufutika pamoja na DAT. Uliyouza kati ya 1 Septemba 2023 na 30 Juni 2025 yalikuwa chini ya sheria ile, na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kwa kawaida ina miaka mitano ya kurudi nyuma. Kama miamala yako ya kipindi hicho ilikuwa mikubwa, hilo ni la kuzungumza na mhasibu mwenye leseni kabla hawajakuandikia. Wa vielfu viwili vitatu nisingemkosesha usingizi.

Sasa, ni nani mfanyabiashara? Kijana wangu hana pa kujificha: ananunua ili auze, kila siku, kwa kiasi kikubwa. Mwalimu aliyenunua Bitcoin ya shilingi 50,000 mwaka 2021 akaisahau ndani ya simu, kisha akaiuza apate karo, yuko mahali tofauti. Atakayepima atatazama ulikuwa ukiuza mara ngapi, ulikaa nayo muda gani, ulikopa kuinunua au la, na ulikuwa na nia gani tangu mwanzo. Mwalimu ana hoja ya kusema hii ilikuwa akiba, haikuwa biashara. Lakini hoja hiyo lazima iwe na tarehe ya kununua na tarehe ya kuuza, na hapo tunarudi kwenye daftari. Kushika tu bila kuuza hakuzai kodi. Bei ikipanda mara kumi usiku ukiwa umelala, hudaiwi chochote hadi uuze au ubadilishe.

Daftari lenyewe si kitu kikubwa. Nililomchorea yule kijana lilikuwa la karatasi, la mistari, kutoka duka la vitabu. Kila mstari una tarehe, sarafu gani, kiasi gani, bei kwa shilingi siku ile, ada iliyokatwa, na nambari ya muamala wa M-Pesa au wa benki. Ile nambari ndefu ya herufi na tarakimu ndiyo inayomfunga mnunuzi wa USDT na pesa iliyoingia kwako, na bila hiyo daftari ni hadithi. Andika kwa shilingi. Majukwaa yanakuonyesha dola na wengi wanakariri dola, lakini ritani yako inajazwa kwa shilingi, na bei ya dola ya Septemba si ya Desemba.

Pesa zinapokwisha kuchanganyika huja swali la ni ipi uliyouza. Tuseme umenunua Bitcoin mara tatu: 0.0025 kwa shilingi 20,000, kisha 0.003 kwa 30,000, kisha 0.002 kwa 24,000. Baadaye unauza 0.003 na kupata 33,000. Ukihesabu kwamba cha kwanza kuingia ndicho cha kwanza kutoka, gharama yako ni ile 20,000 yote pamoja na 5,000 kutoka fungu la pili, kwa hiyo faida ni 8,000. Ukihesabu kwa wastani, fungu lote la 0.0075 lilikugharimu 74,000, sehemu uliyouza ni 29,600, na faida ni 3,400. Muamala ni uleule na tofauti ni shilingi 4,600. Chagua njia moja uishike mwaka hadi mwaka. Anayeruka kutoka hii kwenda ile kila bei inapogeuka atajulikana tu siku akiulizwa.

Kubadilisha Bitcoin kwa sarafu nyingine ni sawa na kuuza. Watu wengi hawalikubali hili kwa sababu hawakuona shilingi hata moja. Lakini umetoa kitu chenye thamani ukapokea kingine chenye thamani, basi andika thamani ya siku ile kama bei ya kuuzia cha kwanza na bei ya kununulia cha pili. Kuhamisha sarafu kutoka pochi yako moja kwenda pochi yako nyingine si kuuza, ila nako kuandikwe, maana kwa mtu wa nje hakuna tofauti kati ya pochi yako ya pili na pochi ya mteja.

Na usiliachie jukwaa kazi ya kukutunzia kumbukumbu. LocalBitcoins, soko la kutoka Helsinki lililotumiwa na Wakenya wengi kwa miaka, lilifunga biashara Februari 2023. Aliyekuwa hajapakua miamala yake aliachwa na kumbukumbu ya kichwani. Sheria inakutaka utunze rekodi miaka mitano, na jukwaa halikukuahidi kuishi miaka mitano. Kila mwisho wa mwezi pakua faili ya miamala na taarifa ya M-Pesa, ujitumie kwa barua pepe. Picha za skrini ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini ni ushahidi mnyonge.

Kuna kundi jingine ninalolionea huruma zaidi ya wauzaji, nao ni wale wa kazi za mtandaoni. Wanaandika, wanachora, wanatafsiri, wateja wao wako Marekani na Ulaya, na siku hizi wengi wanalipwa kwa sarafu hizi. Malipo hayo ni mapato siku yanapofika, kwa bei ya siku hiyo. Tuseme umelipwa Bitcoin 0.01 siku ambayo Bitcoin moja ni shilingi milioni 8. Umepata mapato ya shilingi 80,000, uuze usiuze. Ukikaa nayo hadi ifike milioni 9 ukauza kwa 90,000, faida ya ziada ni 10,000 peke yake, kwa sababu gharama yako ya kuanzia ni ile 80,000. Nimeona watu wakiandika gharama sifuri, "maana sikununua," na kwa hiyo wakajitoza kodi mara mbili kwa pesa ileile.

Upande wa pili ndio unaouma. Bei ikishuka hadi milioni 6, mkononi una shilingi 60,000 lakini mapato ya kazi yako bado ni 80,000. Kwa hiyo siku ileile unapolipwa, uza sehemu ya kodi uitie shilingi, uiweke mahali ambapo mkono haufiki. Ukishinda bahati nasibu ya bei kwa fungu lililobaki, hongera. Fungu la serikali usilichezee.

Sarafu za zawadi hufuata mkondo huohuo: bei ya siku uliyozipokea ndiyo mwanzo wa hesabu yako. Mnakumbuka Agosti 2023, foleni za ukumbi wa mikutano wa KICC, Nairobi, watu wakitoa mboni zao zipigwe picha na Worldcoin wapate sarafu 25, kama shilingi elfu saba hivi, hadi serikali ikasimamisha shughuli. Wengi waliuza palepale, na wengine wamezikalia hadi leo bila kujua siku ile zilikuwa bei gani. Anayechimba sarafu kwa mashine naye ahesabu hivyo, akitoa bili ya umeme kama gharama ya biashara.

Sasa turudi kwa kijana, kwani kwake kuna mtego ambao sijauona ukizungumzwa vya kutosha. Biashara yenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, Kenya, huangukia kwenye kodi ya mauzo: asilimia 3 ya mauzo ghafi, inayolipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Soma tena asilimia hiyo. Ni ileile ya DAT, na inapiga palepale, kwenye mauzo yote. Kwa muuza duka anayepata faida ya robo, asilimia 3 ni nafuu. Kwa wa P2P ni kaburi.

Mlango upo. Sheria inamruhusu mfanyabiashara kumwandikia Kamishna wa kodi kwamba anachagua kutozwa kodi ya kawaida ya mapato. Andika mapema, kabla mwaka haujakomaa, na utunze nakala yenye muhuri au jibu la barua pepe.

Tulifanya hesabu ya kijana kwa njia tatu kwenye ukurasa mmoja. Mauzo ya 4,180,000 kwa shilingi 1.40 kila dola yalimpa kama 45,000. Tukatoa ada za kutuma, karibu 11,000. Faida halisi ikawa 34,000 hivi. Hana ajira wala mapato mengine. Kwenye kodi ya kawaida shilingi 288,000 za kwanza kwa mwaka hutozwa asilimia 10, na kila mtu ana nafuu ya 28,800 inayoondolewa kwenye kodi yenyewe. Kodi yake: sifuri. Kwa kodi ya mauzo: shilingi 125,400. Na kama hana rekodi yoyote, na afisa akachukua pesa zote zilizoingia kwenye M-Pesa kuwa mapato: shilingi 1,162,600.

Hesabu hiyo ya tatu si ndoto yangu. Kupiga mahesabu kutokana na pesa zilizoingia benki ni njia ambayo KRA imeitumia mara nyingi, na Mahakama ya Rufaa za Kodi imesikiliza kesi za namna hiyo tele. Kinachowashangaza walipakodi ni kwamba mzigo wa kuthibitisha uko mabegani mwao. Afisa hatakiwi kuthibitisha kwamba ile laki mbili ya tarehe 9 ni faida. Wewe ndiye unayetakiwa kuthibitisha kwamba siyo.

Ikija barua ya tathmini, una siku 30 za kuweka pingamizi kupitia iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni. Kwenye siku hizo 30 hutaweza kutengeneza daftari la mwaka mzima, niamini. Weka pingamizi kwa wakati hata kama vielelezo havijakamilika, na omba kwa maandishi kuongezewa muda wa kuvileta. Aliyenyamaza mwezi mmoja kwa hofu yuko pabaya kuliko aliyekosea hesabu.

Mwajiriwa anayecheza kripto jioni ana habari njema na mbaya. Faida yake inakaa juu ya mshahara. Mwenye mshahara wa 60,000 kwa mwezi ameshapita viwango vya chini, kwa hiyo faida ya 200,000 kwa mwaka inatozwa asilimia 30, yaani 60,000. Hiyo ndiyo mbaya. Ya pili pia ni mbaya, samahani: hasara ya kripto haipunguzi kodi ya mshahara. Hasara ya biashara inangoja faida ya biashara ya miaka ijayo, na tangu Sheria ya Fedha ya 2025 haingoji zaidi ya miaka mitano. Njema ni kwamba hasara iliyoandikwa kwenye ritani inatambulika. Isiyoandikwa ni maumivu ya moyoni tu.

Tarehe pia zinawachanganya watu. Ritani ya mwaka mwisho wake ni 30 Juni, kila mtu anajua, na foleni za saiba zinashuhudia. Lakini salio la kodi lilitakiwa kulipwa kufikia 30 Aprili. Anayelipa Juni ameshaanza kuhesabiwa faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Kodi ya biashara yako ikizidi 40,000 kwa mwaka, inatakiwa kwa awamu nne: 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Desemba.

Kwa msomaji wa Tanzania mambo ni tofauti, asije akafuata ushauri wangu wa Kisauni. Huko Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali, ikizuiwa na mwenye jukwaa au anayewezesha muamala, karibu miaka mitano baada ya Benki Kuu ya huko kutangaza Novemba 2019 kwamba shilingi pekee ndiyo fedha halali. Hesabu zile za DAT nilizoandika juu ndizo zinazomhusu. Ndugu zetu walioko Uingereza nao wajue kwamba tangu 1 Januari 2026 majukwaa ya huko yanatakiwa kukusanya taarifa za wateja kwa ajili ya mamlaka ya kodi. Hapa kwetu sheria ya watoa huduma za sarafu hizi ilianza kazi 4 Novemba 2025 chini ya ulezi wa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Jukwaa lenye leseni ni jukwaa lenye anwani ya kupelekewa barua.

Tulichukua jioni mbili na kijana, mstari kwa mstari, nambari za M-Pesa upande mmoja, miamala ya jukwaa upande wa pili. Karibu zote zilipata wenzao. Zikabaki shilingi 214,000 zilizoingia Oktoba bila USDT yoyote iliyotoka siku zile. Alikuna kichwa, akapekua simu ya kwanza, akapekua ya pili.

"Ah. Hizi za dada. Alikuwa ananitumia mimi nimlipie mafundi wa nyumba."

"Una risiti za mafundi?"

Akainuka na kwenda nje kumpigia dada yake.